Wimbo Wenye Nafasi ya Kupumua

Asalaam aleikum, na wale wa Bwana asifiwe nawasalimu pia. Shikamooni wakubwa zangu. Mlioketi nyuma, mkiona sauti yangu haiwafikii, sogeeni mbele. Msinipigie kelele za "ongeza sauti", maana hii mnayoisikia ndiyo yote, haina nyongeza. Miaka miwili iliyopita ningeona aibu kulisema hilo. Leo nalisema nimesimama wima.

Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha tuliopungukiwa sauti ameniomba niwaeleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nitakwenda polepole. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, nimezoea kwamba jambo likieleweka na aliye nyuma kabisa, limeeleweka na wote.

Nimezaliwa Bungu, kule juu milimani, nikaolewa Kwaluguru, Handeni, na kazi ikanileta hapa Korogwe mjini. Kote huko nilijulikana kwa sauti. Nilikuwa naita mtoto aliye ng'ambo ya kiwanja bila kutoka darasani. Na Jumapili alasiri, pale kwenye bustani ya nyama choma wanapoweka karaoke, mimi ndiye niliyeimba nyimbo ambazo wenzangu walizikimbia. Kwa asiyeijua karaoke: muziki unapigwa bila mwimbaji, maneno yanapita kwenye runinga, na wewe unashika kipaza sauti unaimba. Mimi nilichagua zile za kupanda juu, halafu unakaa huko huko juu mpaka watu wanasimama kwenye viti.

Kisha likaja rovu, uvimbe huu wa shingoni. Wengi humu mnalijua rovu, sina haja ya kulieleza zaidi. Daktari aliniambia mapema kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita karibu kabisa na pale anapopasua, na kwamba unaweza kuguswa. Nikatia saini. Upasuaji ulikwenda salama, nikaamka mzima, ila nilipotaka kumwita muuguzi nilitoa upepo mtupu. Simlaumu mtu. Kwa miezi kadhaa nilifanya mazoezi niliyoelekezwa, na sauti ikarudi nusu: nzito, yenye mkwaruzo, na pumzi fupi.

Sasa ndugu zangu, sikilizeni kosa langu, maana ni la kwangu, si la ugonjwa. Jumapili moja nilirudi bustanini. Watu wakafurahi. "Mwalimu! Tuimbie ule wako!" Fundi wa karaoke, kijana mpole sana, akaniuliza, "Mwalimu, nikuwekee ule ule, au leo tuanze na mwingine?" Mlango aliufungua mwenyewe. Mimi nikasema, "Ule ule."

Nilichagua kwa kukumbuka makofi. Koo sikuliuliza.

Ubeti wa kwanza nilijikongoja. Kilipofika kiitikio, pale pa kupanda, sauti ilikatika, ukatoka mkwaruzo. Muziki ukaendelea peke yake, maneno yanapita kwenye runinga, mimi nimesimama. Kwenye meza ya vijana mmoja akasema, "Oya, mkanda umekatika!" Wakacheka. Niliweka kipaza sauti juu ya meza ya mtu, kando ya sahani ya ndizi, nikaondoka.

Kuanzia hapo nilinyamaza. Kwanza niliacha kuimba, halafu nikaacha kusema kwenye vikao vya walimu, halafu darasani nikawa naandika ubaoni na kuonyesha kwa fimbo. Binti mmoja wa darasa langu aliniuliza, "Mwalimu, umetukasirikia?" Nilitikisa kichwa. Hata "hapana" sikuitoa.

Wakati huohuo binti yangu akachumbiwa, ikapangwa sherehe ya kumuaga. Mnajua desturi: baba atasema, lakini ukumbi mzima unamsubiri mama. Mama ndiye anayempa binti neno la kuondokea. Nikamwandikia mume wangu kwenye simu, tumekaa sebule moja: "Mwambie mdogo wangu aseme badala yangu." Binti yangu akausoma ujumbe ule begani kwa baba yake.

"Mama mdogo nampenda," akasema, "lakini si yeye aliyenizaa. Mama, hata ukininong'oneza. Mimi nitasikia."

"Na wageni je?" nikamuuliza kwa ile sauti ya mkwaruzo.

"Wageni watakula wali."

Basi nikajaribu tena. Nikajiambia, tatizo ni nyimbo za kasi na za kupanda, nichukue wimbo wa polepole. Nilikwenda na mume wangu mapema, bustani ikiwa tupu, nikachagua wimbo wa mapenzi wa taratibu kabisa. Nawaambia, nilifeli vibaya kuliko mara ya kwanza. Nieleze kwa nini, maana na ninyi mtadanganyika hivyo hivyo. Wimbo wa polepole si lazima uwe mwepesi. Ule mwimbaji wake anashika neno moja, analivuta, analivuta, hashuki. Mtu mwenye pumzi fupi anakufa katikati ya neno. Mume wangu alipiga makofi peke yake, masikini, makofi ya mtu mmoja kwenye viti vitupu. Nikamwambia twende nyumbani. Nilishakata tamaa.

Shule zikafungwa, nikaenda Kwaluguru kumsaidia wifi yangu palizi ya mahindi. Huyo wifi mngemjua! Nimeshuka tu na kijibegi changu, anasema, "Karibu wifi. Mdomo umeusahau Korogwe?"

Asubuhi tukaingia shambani wanawake saba, leo kwake, kesho kwa mwingine. Yeye akaanzisha wimbo wa Kizigua wa kulimia, wenzake wakaitikia. Akaimbisha tangu umande mpaka jua kali, jembe halijasimama, na kooni hana hata kikohozi. Tulipokaa kunywa maji nikamuuliza, "Wifi, hukauki koo?"

"Nikauke kwa lipi? Mimi nasema neno moja, ninyi mnabeba gunia zima."

Nikamwangalia kama mtu aliyenifungulia dirisha. Tuliporudi kwenye mistari nilimsikiliza kwa masikio ya mwalimu. Alitupa maneno matatu, manne, akanyamaza. Sisi tukaitikia kwa urefu, naye wakati huo anavuta pumzi na kugeuza jembe. Wala hakuanza juu. Alianza pale anapoongelea. Wimbo wenyewe ulitengenezwa na watu wanaofanya kazi ngumu, kwa hiyo umeachiwa nafasi ya kupumua.

"Haya, shika wewe," akaniambia.

Nikaanza. Wanawake wakacheka. Wifi akasema, "Shuka chini, unaita mbuzi? Hapo hapo unaponiombea chumvi, anzia hapo."

Nikashuka. Nikatupa maneno yangu matatu. Wakabeba. Nikavuta pumzi, nikatupa tena. Nilimaliza mstari mzima, na nilipofika mwisho nikagundua nimekuwa nikiimba mbele ya watu. Nililia kidogo. Wifi akajifanya haoni. Akasema tu, "Mstari wako una magugu, rudia."

Nilirudi Korogwe, nikaenda kwa fundi wa karaoke Jumamosi mchana akiwa anafunga nyaya zake. Nikamuuliza, "Kijana wangu, huu muziki unaweza kushushwa chini?"

"Unashuka, Mwalimu. Tangu zamani unashuka. Ni kwamba hakuna anayeuliza. Kila mtu anataka kuimba palepale alipoimbia msanii."

Tukakaa saa nzima. Kila wimbo nilianza na kiitikio, nikakiimba kwa midomo iliyofungwa, kwa sababu kiitikio ndicho kilima: ukikiweza, ubeti ni tambarare. Nikaacha wowote wenye maneno ya kuvutwa. Nikaacha na wowote ambao sijui maneno yake kwa moyo, kwani ukikimbizana na maandishi ya runinga unasahau kupumua. Mwisho tukabaki na wimbo mmoja wa mapenzi wa bendi za zamani, wa taratibu, mistari mifupi, na kiitikio ambacho hata muuza mishikaki anakijua. Akaushusha hatua tatu. Ukaingia kooni kama maji ya uvuguvugu. Kesho yake niliuimba mbele ya watu. Hakuna aliyesimama kwenye kiti, lakini bustani nzima iliitikia, na mimi nilifika mwisho. Baada ya hapo nilikuwa naimba kila Jumapili, wimbo mwepesi mmoja, wakati mwingine miwili.

Siku ya sherehe ya binti yangu nilishika kipaza sauti. Nilisema maneno machache, mafupi, nikipumua kati yake. Kisha nikaimba ule ule wa bendi za zamani. Ubeti wa pili, neno moja lilikatika, mkwaruzo ule ule. Ndugu zangu, zamani ningekimbia. Safari hii nilinyamaza tu, nikawaangalia watu, na ukumbi ukadaka kiitikio kabla ya wakati wake. Waliuimba wote, mawifi ndio waliozidi. Nikapata pumzi, nikaingia tena. Binti yangu alinikumbatia akaniambia sikioni, "Mama, wali umepoa, hakuna aliyekula."

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari aliyenieleza ukweli, mume wangu kwa makofi ya kwenye viti vitupu, wifi yangu, na fundi aliyevumilia saa nzima ya mwalimu anayeuliza maswali. Nanyi wa kikundi hiki, mlioniachia kiti kila mwezi hata nilipokuwa bubu.

Nililojifunza ni hili: chagua wimbo wa koo ulilo nalo leo. Si lile la jana, wala la msanii. Kuchagua chepesi si kushindwa, ni kujijua. Na uchague chenye nafasi ya wengine kuingia, maana humo ndimo utakamopumulia.

Naona leo tuna wageni, na wengine bado mnaongea kwa kuandika kwenye simu. Sitawaita mbele. Nitaanza mimi, chini kabisa, maneno matatu. Anayeweza aitikie kwa sauti, asiyeweza aitikie kwa midomo. Haya, tayari?