Maji ya Jana: Maisha ya Mhandisi Pieternella Hanse-Padmos, 1949–2024

Ndugu, majirani na marafiki mliosimama hapa kwenye upepo huu, mama tunayemlaza leo mlimwita Nella. Jina kamili la Pieternella lilitumiwa na mama yake mzazi, Nella alipokuwa amekosa, na yeye mwenyewe alipotia saini. Alipojua siku zake zimekaribia, alimwita mpwa wake aliyeandika habari hizi akampa agizo moja: "Usinipake sukari. Na ya Leendert usiyaruke." Hayakurukwa.

Nella alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, hapa Sint Jobsland, kisiwani Schouwen-Duiveland, akiwa mtoto wa pili wa Iman Padmos na Adriana Kooijman. Baba yake alikuwa kibarua wa shamba, na majira ya baridi alikuwa mmoja wa walinzi wa tuta linalozuia bahari. Jioni ya tarehe 31 Januari 1953 Mzee Iman alipanda tutani, akayatazama maji, akaona yamefika pale yalipozoea kufika. Akashuka, akaenda kulala. Kulipokucha kijiji kilikuwa ndani ya bahari, na Maatje, dada yake Nella aliyekuwa na miaka sita, hakuonekana tena. Nella alikuwa hajatimiza minne. Alichokumbuka ni baridi ya vigae vya paa na mkono wa mama uliombana mpaka ukamwachia alama. Mzee Iman aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila alipoulizwa habari za siku ile alijibu vilevile: "Nilitazama maji ya jana." Kijijini hakuna aliyemlaumu. Kazi hiyo aliifanya mwenyewe, wala hakuhitaji msaidizi.

Nella alisoma katika shule ya msingi ya hapa, ilipokwisha kujengwa upya, kisha sekondari ya Zierikzee. Mwaka 1967 alikwenda Delft kusomea uhandisi wa ujenzi na maji. Baba yake alimsindikiza hadi kituo cha basi, akamshika bega, akamwambia: "Huko uendako, jifunze maji yatakavyokuwa. Yalivyokuwa tunayajua." Darasani wanawake walikuwa wachache mno. Kijana mmoja alimuuliza kama amepotea njia akitafuta jiko. Nella akamjibu, "Jikoni ndiko nilikotoka. Tulikuta bahari imekaa humo." Yule kijana baadaye alikuwa rafiki yake wa kudumu, naye yupo hapa leo kwa fimbo yake.

Alihitimu mwaka 1973 akaajiriwa na taasisi ndogo ya mahesabu ya maji, nje kidogo ya Delft. Wakati ule wahandisi walikuwa bado wanajenga mito ya mfano ndani ya mabanda, kwa mchanga na saruji, wakifungulia maji na kutazama. Nella alikuwa miongoni mwa waliouhamishia mto ndani ya kompyuta. Alipenda kueleza kazi hiyo kwa maneno mepesi. Unachukua umbo la mfereji, unalikata katika vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki, kisha kompyuta inakokotoa, chumba kwa chumba, kinachoingia, kinachotoka na nguvu kinayosukumia kuta. Kwa njia hiyo alipima milango ya kuzuia bahari, vituo vya pampu, hata upepo unaotoa moshi katika njia za chini ya ardhi. Vijana waliofundishwa naye wanaujua ukali wake kwenye jambo moja: "Kompyuta haijui bahari. Inajua ulichoiambia mlangoni tu." Na mlangoni, yaani pale maji yanapoingia katika hesabu, Nella aliweka dhoruba mbaya kuliko zote, ile ambayo hakuna aliye hai aliyewahi kuiona. Hakuna, alisema, anayejenga tuta kwa ajili ya siku ya kawaida.

Tarehe 20 Juni 1975 alifunga ndoa mjini Zierikzee na Krijn Hanse, mwalimu wa jiografia. Walijuana wakiendesha baiskeli kukabili upepo. Nella alimwelekeza akae nyuma yake, kidogo upande wa kushoto, ambako upepo ungemkosa. Krijn akauliza kama ndiyo kusema anamtaka akae nyuma maisha yake yote. "Mpaka nichoke," Nella akasema, "halafu wewe unapita mbele." Walijaliwa watoto wawili, Maatje na Job. Nyumbani alikuwa mama mwenye mapenzi na mwenye kusahau. Alikuwa akimimina maziwa kwenye kahawa, akaanza kuyatazama yanavyojizungusha, mpaka kahawa ikapoa. "Kunywa, mke wangu," Krijn alikuwa akimwambia, "hiyo si bahari." Kikombe cha pili alikimimina Krijn, na mara nyingi nacho kilipoa.

Mwaka 2004 alifikiwa na daktari wa upasuaji wa ubongo, Dokta Reinout Baljet, aliyekuwa na swali lililomkosesha usingizi. Wako watu wanaogunduliwa kuwa na kiuvimbe katika mshipa wa damu kichwani. Vingine hupasuka na kuua. Vingi hukaa kimya hadi mtu azeeke. Kuvipasua nako kunaweza kuua. Je, mahesabu ya maji yanaweza kusema kipi kiguswe na kipi kiachwe? Nella aliipokea kazi hiyo kwa furaha ambayo Krijn anasema hakuwa ameiona tangu watoto wazaliwe. Mezani alisema kwamba sasa anajenga matuta ya mtu mmoja mmoja.

Picha za mishipa zilimfikia bila majina, kama ilivyo desturi ya kulinda siri za wagonjwa. Ziliandikwa umri, na kama ni mwanamume au mwanamke. Mshipa ulionekana vizuri, hadi kona zake. Lakini damu inayoingia, nguvu yake, kasi yake, hiyo haikuwamo kwenye picha. Basi katika kazi ile wote waliweka mlangoni wastani: damu ya mtu mzima mwenye afya, aliyelala chali, ametulia. Wenzake wa nchi nyingine walifanya hivyo. Vitabu vilisema hivyo. Nella naye akafanya hivyo.

Tarehe 5 Mei 2007, Siku ya Ukombozi, bendi yetu ya matarumbeta ilikuwa ikipiga mbele ya kanisa. Leendert Verton, mwokaji mikate, aliyepuliza tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, katika bendi hiyo tangu ujana wake, alianguka katikati ya wimbo, akafariki kabla ya gari la wagonjwa kufika. Nella alikuja kumzika kama sisi sote. Alimjua tangu shuleni, na mdogo wake Nella, Wannes, alipiga kornet, tarumbeta dogo, mstari wa mbele ya Leendert. Siku ya maziko bendi ilipiga huku kiti cha tuba kikiwa kitupu, na Nella alikuwa amekaa karibu sana, akiwatazama wapulizaji. Aliona mishipa ya shingo ilivyowatutumka na nyuso zilivyowaiva. Baadaye alimwambia Krijn kwamba wakati ule aliwaza jambo fulani kwa mbali, kama mtu anayesikia bomba linavuja katika nyumba ya jirani.

Baada ya maziko watu walikaa ukumbini kwa kahawa na keki. Mjane, Janna Verton, alikuwa akisimulia kwa sauti ile kavu ya mtu aliyekwisha kulia. Alisema mumewe aligunduliwa kuwa na kiuvimbe kichwani mwaka uliopita, na picha yake ikapelekwa kwa wapiga hesabu wa Delft.

"Wakaleta jibu kwamba mtiririko umetulia," Janna alisema. "Tungoje tu, tupige picha nyingine mwakani. Leendert akacheka, akasema basi kichwani mwake mna bwawa la bata."

Waliokuwa mezani walitabasamu, maana ndivyo Leendert alivyokuwa akisema. Nella hakutabasamu. *Mtiririko umetulia* yalikuwa maneno yake. Alimuuliza Janna, kwa upole, picha ile ilipigwa mwezi gani. Akajibiwa. Akamaliza kahawa yake, akala keki yake mpaka punje ya mwisho, akampa mjane mkono, akarudi nyumbani. Hakusema. Tangu siku ile, kila alipohesabu makosa yake kwa Krijn, alianza na keki ile kabla ya hesabu yenyewe.

Alimwendea Dokta Baljet. Daktari alimwambia uamuzi wa kungoja ulikuwa wake, kwamba zilikuwapo sababu nyingine, na kwamba mshipa kama ule ungeweza kupasuka hata kwa chafya. Hakuna atakayejua kamwe. "Usijitwike misiba ya watu wote, mama," alimsihi.

"Siitaki ya watu wote," Nella alisema. "Ni huu mmoja."

Mwezi uliofuata alirudi Sint Jobsland peke yake. Alimkuta Janna jikoni akichambua maharage mabichi. Haya yanasomwa hapa kama Nella alivyoyasimulia, na Janna ameyasikia kabla ya leo, akasema ndivyo yalivyokuwa.

"Aliyepiga hesabu ya Leendert ni mimi," Nella alisema, bado amesimama.

Janna aliendelea na maharage. "Ulijua ni yeye?"

"Picha huja bila jina."

"Na ungejua?"

"Ningekumbuka tuba. Ningejua jinsi damu inavyompanda akipuliza. Nisingemweka kama mtu aliyelala."

Janna akaweka kisu chini. "Kumbe. Kwa hiyo asiyekuwa jirani yako hana tuba?"

Kwa miaka yote iliyofuata Nella hakudai kwamba alilipata jibu la swali hilo. Alijaribu kusema anasikitika. Janna akamwambia masikitiko akayaweke kwake, hapa yako ya kutosha, na akamfungulia mlango.

Njiani kuelekea kituo cha basi Nella alipita kaburi la baba yake, hilo hapo nyuma yenu, ukutani. Alikuwa mtoto wa mlinzi wa tuta. Alikuwa amewaambia vijana kwa zaidi ya miaka thelathini waweke dhoruba mlangoni. Kwa bahari aliiweka. Kwa mtu akaweka siku ya kawaida. Naye pia alitazama maji ya jana.

Tokea hapo hakukubali kupiga hesabu ya mshipa wa mtu yeyote mpaka mgonjwa mwenyewe aulizwe swali moja: ni jambo gani zito kuliko yote analolifanya katika wiki? Hospitali ilipinga. Kamati ya kulinda siri za wagonjwa ilipinga zaidi. Wenzake waliona mama amekuwa msumbufu, na alikuwa msumbufu kweli. Aliwapigia simu Jumapili. Mwishowe wakakubali, na vijana wa taasisi wakaliita "swali la tuba" bila kujua tuba ilitoka wapi, mpaka alipowaambia. Kwa swali hilo walipatikana mwanamke anayembeba mumewe aliyepooza kumpeleka bafuni kila siku, mpiga mbizi, na mzee mmoja aliyekuwa akivuta nanga kwa mkono kwa sababu hakuamini mashine. Wakapimwa msukumo wa damu wakiwa katika kazi hizo, na namba hizo ndizo zilizowekwa mlangoni. Je, yupo aliyeokoka? Nella alikataa kusema hivyo. Alisema wasiokufa hawaleti habari. Alipostaafu, mwaka 2014, taasisi ilitaka kumpa tuzo. Akaomba wasimpe, na walipompa aliiacha kabatini kazini.

Kila mwaka alikuja kwenye tamasha la bendi, akakaa safu ya mwisho. Janna alikaa ya mbele. Walitikisiana vichwa, basi.

Mwaka 2022 ikagundulika kwamba mshipa mkuu wa Nella, ule utokao moyoni, umetanuka. Wanafunzi wake wa zamani walijitolea kumpigia hesabu. "Mlangoni mtaweka nini?" aliwauliza. Walikuja na kipimo cha msukumo wa damu, wakapanda naye tuta alilozoea kupanda kila asubuhi, wakihema kuliko yeye. Jibu lao lilikuwa la kweli na halikuwa zuri. Upasuaji ungekuwa hatari sawa na kungoja. Nella alichagua kungoja, akawashukuru kwamba hawakumdanganya.

Vuli iliyopita Janna alikuja kumtembelea, na sahani ya bolusi, zile keki zetu za mdalasini zinazonata vidoleni. Waliongea habari za hali ya hewa, magoti yao, na wajukuu. Krijn alikuwa akiosha vikombe akamsikia Janna, alipokwisha vaa koti, akisema: "Nimechoka kukukasirikia, Nella. Sijasema nimesamehe. Nimechoka tu."

"Inanitosha," Nella alisema.

"Haikutoshi," Janna akasema. "Ila ndiyo niliyonayo. Kula bolusi."

Nella alifariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Januari 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Alikuwa amemuuliza Krijn upepo unatoka wapi. Krijn akatazama dirishani akamwambia kusini-magharibi. "Basi itanyesha," akasema. Krijn alikwenda kuweka kahawa jikoni, na aliporudi alikuwa ameondoka. Mvua ilinyesha kabla ya adhuhuri.

Ameacha mume wake, Krijn, watoto wake, Maatje na Job, pamoja na wenzi wao, wajukuu wanne, mdogo wake, Wannes, aliyesimama pale na kornet yake, wapwa na majirani wengi. Jumamosi iliyopita Janna Verton alipiga simu, akauliza kama orodha ya wafiwa imekwisha chapwa. Aliambiwa bado. "Basi niweke mwisho," akasema. "Lakini niweke."

Ameacha pia Janna Verton.

Apumzike sasa Nella wetu, kwa amani ile aliyojinyima.