Nkandu Léonard na Orodha ya Wauzaji

Ndugu, majirani na wenzake wa kazi, familia inawaomba masikio kidogo.

Nkandu Kalumba, ambaye nyumbani tuliendelea kumwita Léonard hata baada ya serikali kuamuru majina ya ubatizo yaondolewe kwenye karatasi, alizaliwa Sakania tarehe 3 Machi 1929, mtoto wa tatu wa mfanyakazi wa reli, akasoma huko kwa mapadri, akajifunza ukarani hapa mjini, na tarehe 1 Juni 1950 akaingia shirika kubwa la umeme, kwanza bohari, halafu ofisi ya manunuzi, ambako alikaa miaka mingi bila kuzoea kiti. Alimwoa Kapinga Angélique tarehe 12 Julai 1953, wakapata watoto sita, Claudine akiwa wa kwanza, na wanne kati yao wako mbele yenu.

Mwaka 1967, alipopewa ukuu wa manunuzi, alikuta orodha ya wauzaji ina majina matano tu, yote maduka makubwa yaliyoagiza vitu ng'ambo, na jambo hilo lilimkosesha raha. Kila Jumamosi alitembea kwa miguu hadi Naviundu, pembeni mwa mji, akiingia kwa maseremala, wafua chuma na washonaji, akiuliza, akishika vitu vyao, akivivuta kuona kama ni imara, na kila Jumatatu akiandika barua kwa mkurugenzi, barua ambazo hazikujibiwa. Reli ya kwenda bahari ilipofungwa kwa vita vya nchi jirani mwaka 1975, mikanda ya kujifungia juu ya mafundi wa nguzo za umeme ilichakaa, mipya haikufika, na Februari iliyofuata fundi Mutale akaanguka, akavunjika nyonga.

Léonard alimwendea Mama Habiba, mjane wa watu wa Maniema aliyeendeleza kazi ya ngozi ya mumewe, akashonewa mkanda mmoja. Tume ya shirika iliyokagua vifaa ilikataa hata kuushika. Mwenyekiti wake alisema, "Huyu mama haiko mu liste."

Basi tarehe 9 Aprili 1976, mbele ya tume hiyo, akiwa na miaka arobaini na saba, alivua koti, akajifunga mkanda ule, akapanda nguzo ya mita tisa, akaachia mikono yote miwili.

Mama Habiba alimwita kutoka chini, "Baba Léonard, shuka, bamesha kuona."

"Baandike jina yako kwanza," akajibu, akaning'inia dakika arobaini, mpaka mwenyekiti akatoa kalamu.

Kufikia 1979 orodha ilikuwa na majina thelathini na moja. Mwaka huo huo alihamishiwa Kilwa, kule ziwani mbali na mji, bila maelezo, na nyuma yake majina kumi na tisa yakafutwa. Alistaafu mwaka 1981, lakini barua hakuacha.

Ugonjwa wa moyo ulimshika Januari 1984. Kitandani aliuliza kila siku nani amerudishwa kwenye orodha, na Mama Kapinga akamwambia, "Tulia sasa, baba ya Claudine." Alifariki Jumanne tarehe 17 Aprili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika tangu Jumanne, wenzake wa ofisi, na mafundi wa nguzo walioomba kumbeba.

Baba, pumzika kwa amani, ingawa tunajua utajaribu kusimama.