Mahindi Mekundu ya Sikukuu ya Mavuno

Sifa zote ni za Bwana, ndugu zangu! Mimi ni mama Eliza, wa kule Tononoka. Wengi mnanijua kwa mdomo wangu, na leo nitautumia kumshukuru Mungu.

Mume wangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alipofariki aliniacha na chumba cha kupanga na binti mmoja. Nilifua nguo za watu hadi mtaa wa Ndia Kuu, na siku nyingine tulilala na chai ya rangi tu. Ilipofika Sikukuu ya Mavuno, mkatugawia wajane vyakula vilivyoletwa madhabahuni. Nikapata mahindi mazuri ajabu, punje nene, nyekundu. Ndugu mmoja aliyaleta kutoka kwao Taita. Kwao huko, anayemtolea Mungu hatoi mabaki, hutoa mbegu. Naye akatoa mbegu ya kununua, iliyopakwa dawa ya wadudu, na ndiyo iliyoipa ule wekundu. Tuliambizana ioshwe tu, rangi ikiisha na dawa imeisha. Nani angeogopa chakula kilichoombewa?

Nikaosha mpaka maji yakawa meupe, nikapika pure, mahindi na maharagwe. Mimi siku ile nilikuwa nimefunga, nikampakulia Eliza peke yake. Akala, akataka aongezewe, nikafurahi.

Ndugu zangu, alasiri haikuisha! Alianza kutapika. Kisha mikono ikamcheza, macho yakageuka. Nikapiga yowe. Kina mama wa maombi wakaja, wakasema ni degedege, asitolewe nje akapigwa na upepo. Tukafunga mlango, tukaomba. Akitulia, anashikwa tena, na kila mara anakawia zaidi kuzinduka. Niliogopa. Niliogopa hata kumshika.

Mlango ukagongwa kwa hasira. Alikuwa Bi Rukia, jirani yangu Mwislamu. Mimi naye tulikuwa hatuishi kugombana, maana kuku wake walikanyaga nguo nilizoanika. Sasa kuku hao walikuwa wamekufa pale uani, nilipomwaga maji ya kuoshea mahindi na punje zilizooza. Alikuja kunitukana. Alipomwona mtoto, sauti ikashuka.

"Mama Eliza," akasema, "huyu yuwatapatapa sawa na kuku zangu. Mumekula nini humu?"

Mahindi! Niliona giza. Mama mmoja akanishika mkono, akanisihi tumalize maombi kwanza. Bi Rukia hakungoja. Alimtwaa Eliza, akamfunga kwa leso yake, akatoka mbio, nami nyuma na punje chache mkononi. Hamali mmoja akatupakia kwenye mkokoteni hadi hospitali. Njiani nilimwita Yesu kwa sauti, Bi Rukia akamwita Mola wake, na hakuna aliyemkanya mwenzake.

Daktari alipoziona punje, alijua la kufanya. Wakamsafisha mtoto tumbo, wakamdunga sindano. Kisha akaniuliza nani mwingine amepewa. Wajane wenzangu! Nikamwacha mwanangu na Bi Rukia, nikakimbia nyumba hadi nyumba. Kwa mama Yona sufuria ilikuwa imeshaepuliwa, watoto wamekaa na sahani. Nikaipiga teke. Alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili, na kweli nilikuwa karibu.

Bwana ni mwema, hakuna mtoto mwingine aliyekula. Asubuhi yake Eliza alifungua macho, akaniuliza mbona sijachana nywele.

Ndugu aliyetoa mbegu ile tumelia naye, na hatuna kinyongo. Alimpa Mungu kilicho bora. Ila nawasihi, mbegu yenye dawa ni ya ardhini, isifike jikoni kwa mtu, hata ikiwa imeombewa na askofu.

Na wewe mwenye mtoto anayeugua leo, mtumaini Bwana, lakini fungua mlango umtoe. Mimi niliomba nikiwa nimejifungia, na aliyetumwa kunijibu akawa nje anagonga. Nikaomba tena nikikimbia barabarani. Nawaambieni, Mungu humsikia hata mtu anayeomba huku anakimbia.