Aleid wa Oudewerve, Mtunzi wa Shairi la Bikira na Tuta

Marehemu Aleid binti Wouter alizaliwa tarehe 5 Februari 1338, siku ya Mtakatifu Agatha, hapa Oudewerve katika visiwa vya Zeeland. Alikuwa mtoto wa pili wa Wouter na Heilwig. Wa kwanza ni Joost.

Alisoma miaka minne kwa masista wa Middelburg, akajua kusoma, kufuma kitani na kubishana. Huko alisikia kisa cha mkulima aliyekimbia tuta lake la kuzuia bahari, Bikira Maria akalilinda mpaka aliporudi.

Mwaka 1356 maji yalimshinda Joost, aliyekuwa amerithi shamba. Alifanya kama sheria yetu isemavyo: akachomeka sepetu tutani, akaondoka mikono mitupu. Anayeling'oa huchukua shamba pamoja na mzigo wa tuta, na aliyeling'oa ni Gillis. Tarehe 6 Mei 1358 Aleid aliolewa na Gillis huyo, akarudi kuishi katika nyumba alimozaliwa. Walijaliwa binti mmoja, Lijsbet, anayewasomea haya.

Kitani kilikuwa kazi yake mpaka mwisho. Alitunga mashairi huku akifuma; akikosa kina cha ubeti, mkono ulilegea na kitambaa nacho kikalegea, na wanunuzi walimtania, "Hapa mama alikwama!" Ndivyo alivyokitia kisa kile katika shairi, kwa lugha yetu ya nyumbani. Likaimbwa hadi masoko ya ng'ambo. Joost akalisikia, akadhani anaitwa, na Septemba hii akarudi.

Kijiji kilichafuka. Sheria haimpi aliyeacha sepetu hata pa kulaza ubavu. Jirani yetu Katelijne alimvaa mlangoni: "Wee Joost, Bikira gani? Mimi nilimwona Gillis, tope kiunoni, Krismasi tatu mfululizo!" Hakusema uongo.

Baraza la tuta likapanga kumhukumu Joost leo alasiri. Wakati huo Aleid alikuwa amelala na homa ya mabwawa, na Gillis, ambaye ni mmoja wa wazee wa baraza, hakulala wala hakula.

"Mke wangu, waambie watu shairi lile ni uongo," alimsihi. "Joost aende zake kabla hatujamfukuza."

"Nikisema hivyo, nimemfukuza mimi."

"Na mimi je? Miaka ishirini na minane nazoa tope, sifa unampa Bikira!"

Aleid alimvuta karibu, sisi tuliokuwapo tukisikia.

"Baba Lijsbet," alisema, "ulidhani nilikuwa namwimba nani?"

Gillis alitoka nje. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu. Aleid alifariki tarehe 9 Novemba 1384, alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Ameacha mume, Gillis, binti, Lijsbet, wajukuu wawili, Wouter na Digna, na kaka, Joost, ambaye Gillis amemshika mkono mbele yenu nyote na kumsimamisha hapa, upande wa wafiwa, kama mtu wa nyumba hii. Wazee wa baraza wamemwona.

Mungu ampumzishe kwa amani, mahali pasipofikiwa na maji.