Fundi Aliyelinganisha Saa za Minara

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Dakika, alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Agosti 1974, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa baba fundi cherehani na mama mwuza vitambaa. Saa ya wodi ilikuwa imesimama, hivyo mkunga aliandika tu "alfajiri". Neno hilo lilimkera maisha yake yote. "Alfajiri si saa, mama," alikuwa akilalamika. Mama naye akimjibu, "Baba, siku hiyo nilikuwa na kazi nyingine."

Alisoma shule ya msingi iliyotazamana na karakana ya reli, kuanzia 1982 hadi 1988, na kumaliza sekondari mwaka 1992. Historia ilimshinda, na kuimba kulimshinda zaidi. Mwalimu wa kwaya alimwomba awe anafungua mdomo bila kutoa sauti. Alihitimu chuo cha ufundi, fani ya umeme na mawasiliano, mwaka 1996.

Januari 1997 aliajiriwa na kampuni ya simu kama mvuta nyaya, akapanda hadi kuwa fundi mkuu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha saa za minara yote zinakwenda pamoja. Kila mnara hupokea saa kutoka setilaiti kwa antena ndogo iliyo kama kikombe kilichofunikwa, na simu zetu nazo huchukua saa kwenye mnara ulio karibu. Wapwa wake walipomuuliza inasaidia nini, alisema, "Mnawajua watoto wanaoruka kamba? Anayeingia kabla ya zamu yake anawaangusha wote. Simu nazo zinasema kwa zamu, ila zamu zenyewe ni fupi kuliko kupepesa jicho." Simu ya mtu ikikatika, alijiona yeye ndiye aliyemkata kauli. Tulizoea kumsikia akiwaomba radhi watu asiowajua.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 4 Desemba 1999. Alipokwenda kuposa aliambiwa afike saa tisa. Alifika dakika tano kabla, akasimama nje ya geti huku mvua ikimnyeshea. Baba mkwe alichungulia dirishani, akasema, "Huyu ama mwizi ama mkwe." Saa tisa kamili, hodi. "Ni mkwe," mzee akasema. "Mwizi angeshaingia." Siku ya harusi mkewe alimpa saa ya mkononi, naye kwa miaka ishirini na minne hakunywa chai ya asubuhi kabla ya kuilinganisha. Walijaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Hapa huandikwa habari za ugonjwa. Hakuugua. Jumanne tarehe 12 Machi 2024 alijipigia pasi shati, akamwambia binti mdogo kwamba chai ina sukari ya harusi, akaondoka. Shati la pili bado liko kwenye kiti, halijapigwa pasi, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuliondoa.

Umeme ulikuwa umekatika usiku wa kuamkia siku hiyo, na mnara mmoja ulikuwa umewaka ukiwa na saa isiyo sahihi. Alikwenda kuurekebisha pamoja na fundi mwenzake. Mwenzake alitoka kwenda kwenye gari kuchukua waya. Aliporudi alimkuta ameketi sakafuni katika kibanda cha mitambo, ameegemea ukuta. Moyo. Alimkimbiza zahanati iliyo ng'ambo ya barabara. Daktari alithibitisha kifo saa nne na nusu asubuhi, kwa saa ya ukutani.

Wengi mmesikia maneno, na mmejiuliza kwa nini tunazika leo Jumamosi badala ya Alhamisi. Jioni ile mkewe alirudishiwa simu ya marehemu. Ndani alikuta ujumbe ambao marehemu alimwandikia, ukashindwa kutumwa. Simu ilionyesha umeandikwa saa tano na dakika mbili.

"Wifi," aliniambia, "amekufa saa nne na nusu, akaniandikia saa tano. Mmemfunika mume wangu akiwa hai."

Kwa siku mbili hakula, na hakuruhusu kaburi lichimbwe.

Alhamisi jioni fundi mwenzake alikuja na simu yake. Asubuhi ile, kabla hawajagusa kitu, alipiga picha ya waya ulioingia maji, kwa ajili ya ripoti. Simu iliandika kwamba picha ilipigwa saa tano kasoro dakika kumi. "Shemeji, usitazame simu," alisema. "Simu zetu zilikuwa zinausikiliza mnara. Tazama mkono." Mkono ulioshika waya ulikuwa wa marehemu, na saa aliyopewa siku ya harusi ilisema saa nne kasoro dakika moja. Mnara ulikuwa mbele kwa dakika hamsini na moja.

Mkewe alitoa dakika hizo kwenye saa ya ujumbe, kwa vidole, mara mbili. Kisha akasema, "Saa nne na dakika kumi na moja. Alikuwa mzima." Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto watatu, ndugu watano, wapwa tisa, na fundi mwenzake ambaye tangu leo ni wa nyumba hii.

Ujumbe wenyewe ulisema: "Mama watoto, kazi imekuwa kubwa kidogo. Kuleni, msinisubiri. Nitafika saa nane kamili."

Mlioliona gari la jeneza limesimama juani nje ya geti mkadhani dereva amepotea, ni mjane aliyeomba hivyo. Alisimama mlangoni na saa ya mumewe mkononi, na jeneza halikuingia hadi saa nane kamili.

Ameshafika. Apumzike kwa amani.