Wimbo wa Kuachana

Sikutambua kwamba mzee aliyeketi mbele yangu katika basi la Sudbury, mji wetu wa migodi huko Kanada, theluji ikimyeyukia mabegani, alikuwa Réjean, mpiga gitaa wa Nyundo ya Nikeli, bendi ya hapa mjini ya muziki wa metali, ile roki nzito ya kelele. Mama aliyeketi kando yake alimtambua mara moja.

“Jumamosi mnatuaga kwa onyesho la mwisho. Mtaupiga ule wa kuachana?”

“Huo hapana, mama. Miaka thelathini tunapasua spika, halafu redio zinatukumbuka kwa kilio kimoja!”

“Kilio hichohicho! Mume wangu alipoondoka, nilikiimba ndani ya lori la mgodini mpaka nikapona. Nashukuru, bwana, hata ukinuna.” Sauti yake, naamini, ilimfikia dereva.

Réjean akainamia glavu zake. “Niliyemtungia atakuja, na mumewe. Nimlilie mbele ya mumewe?”

“Usimlilie yeye. Nililie mimi.”

Basi likasimama. Réjean alipokuwa akishuka alimshukuru dereva, kama ilivyo ada yetu sote, kisha akageuka, akamshukuru na yule mama. Hakuahidi lolote.

Jumamosi waliupiga.