Povu Shavuni

Asubuhi ile kwenye treni nilikaa nyuma ya kinyozi na mwalimu, watu wasiojuana. Mwalimu alivaa kofia ya chama kilichoshindwa ubunge, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetoka msibani.

"Mimi, kaka, siasa hazinihusu," kinyozi alimwambia. "Sijawahi kupiga kura. Lakini jana mgombea wenu alikuja kwangu kunyoa ndevu. Akaniomba nimtengeneze vizuri, anakwenda kumpongeza mwenzake."

Mwalimu aligeuka polepole. "Kumpongeza nani?"

"Aliyemshinda. Povu bado liko shavuni, akawa anajifunza maneno mbele ya kioo: 'Hongera ndugu yangu, watu wamekuchagua wewe.' Nilibaki nimeshika wembe hewani. Nimenyoa wagombea wengi walioshindwa, na kila mmoja alikuwa ameibiwa kura."

Niliacha kusoma gazeti, ingawa niliendelea kulishika.

"Nimemfukuza mdogo wangu nyumbani kwa ajili ya mtu huyo," mwalimu alisema. "Alimpigia kura yule mwingine. Nikamtolea mabegi nje, mama yetu analia."

Kinyozi aliuliza, "Sasa yuko wapi?"

"Sijui. Sijamuulizia."

Treni iliposimama, mwalimu alishuka simu ikiwa sikioni. Milango ilifungwa kabla sijajua kama mdogo wake alipokea.